Kiwiko cha mhasibu anayecheza tenisi Nairobi: kisa kizima, kuanzia maumivu hadi mechi

Kisa hiki cha kiwiko cha tenisi, yaani maumivu ya kano ya upande wa nje wa kiwiko, ni cha mfano. Mgonjwa wake hana jina kwa kuwa amejengwa kutokana na mambo yanayojirudia katika kliniki za fiziotherapia kila klabu zinapokaribia mashindano, na vipimo vyake ni vya kawaida kwa mtu wa umri na hali yake. Takwimu za utafiti zilizomo zimetoka katika tafiti zilizochapishwa.

Alivyofika

Ni mhasibu wa miaka 44, mama wa watoto wawili, anayetumia mkono wa kulia. Amecheza tenisi klabuni kwa miaka sita, mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila mara. Bekihendi yake, yaani pigo la upande wa kushoto, ni ya mkono mmoja. Upande wa nje wa kiwiko cha kulia unauma, na sasa ni wiki ya saba. Alikwisha kupumzika wiki tatu bila kugusa raketi huku akipaka jeli ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, na maumivu yakapungua hadi akaamini yamekwisha. Jumamosi alirudi uwanjani akacheza seti mbili. Jumapili asubuhi hakuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

"Daktari, sufuria ya ugali imenishinda, na nikimsalimu mtu kwa mkono naruka," ndivyo alivyoeleza. Mwenzake wa klabuni amemshauri achomwe sindano ya kortizoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa sababu yeye alipochomwa alipona ndani ya siku nne.

Swali la maana kwa mgonjwa kama huyu si "unaumwa wapi" pekee. Ni "mama, katika wiki tatu kabla hujaanza kuumwa, ni kitu gani kilibadilika?" Hapa yalitoka mambo matatu. Ndani ya wiki mbili alitoka mara mbili kwa wiki akafika mara tano kwa wiki, yaani kutoka saa 3 hadi saa 7 na nusu. Alinunua raketi mpya, nyepesi na ngumu, iliyofungwa nyuzi za poliesta kwa mkazo wa pauni 58, takriban kilo 26. Na ilikuwa Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, kwa hiyo alishinda kwenye kompyuta huku mkono wa kulia ukiwa umening'inia juu ya kipanya, kifundo cha mkono kimeinuka, saa baada ya saa. Misuli inayoinua kifundo kazini ndiyo inayokaza kifundo uwanjani. Kano yake haikupata hata siku moja ya kupumua.

Uchunguzi

Kabla ya kukigusa kiwiko, shingo iangaliwe. Mgonjwa anageuza kichwa kulia na kushoto, anakiangusha nyuma, kisha anakiinamisha upande unaouma huku mtaalamu akikikandamiza kidogo. Maumivu ya kiwiko yakitokea hapo, au vidole vikipata ganzi, njia ya matibabu ni nyingine. Kwa huyu, shingo haikuleta chochote.

Kisha kidole cha mtaalamu kinatafuta nundu ya mfupa iliyo nje ya kiwiko. Maumivu ya kisa hiki hukaa mbele kidogo na chini kidogo ya ncha ya mfupa huo, mahali padogo ambapo mgonjwa mwenyewe huonyesha kwa kidole kimoja. Yakiwa chini zaidi, sentimita tatu au nne ndani ya nyama ya kigasha (sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo), na yakizidi mtu anapogeuza kiganja juu kwa nguvu, neva ya radiali, inayopita hapo, inashukiwa kubanwa. Hali hizi mbili huchanganywa sana, na anayefanyiwa mazoezi mazito ya kano wakati tatizo ni neva huongezewa adha bure.

Vipimo vitatu vilirudisha maumivu yale yale. Katika kipimo cha Cozen alikunja ngumi na kuinua kifundo huku mtaalamu akimpinga. Katika kipimo cha Maudsley alinyoosha kidole cha kati kikipingwa, na hicho ndicho kilichouma kuliko vyote. Katika kipimo cha Mills, kiwiko kilinyooshwa kabisa huku kifundo kikikunjwa chini na kiganja kikitazama sakafu.

Kipimo kinachofaa kurudiwa kila wiki, hata hivyo, ni nguvu ya kukamata bila maumivu. Mgonjwa anasimama, mkono umenyooka kando ya mwili, anaikamata dainamomita, kifaa cha kupimia nguvu ya mkono, polepole na kuacha mara tu maumivu yanapoanza. Haminyi hadi mwisho wa nguvu zake. Inafanyika mara tatu, kwa kupumzika dakika moja katikati, na wastani unaandikwa. Mkono wa kulia uliishia kilo 12. Wa kushoto ulifika kilo 27. Kliniki isiyo na dainamomita ichukue mashine ya kupimia shinikizo la damu, mkanda wake ukunjwe uwe mviringo, ujazwe hewa hadi milimita 20, mgonjwa aukamate, na namba ya mahali maumivu yanapoanzia iandikwe. Kipimo hicho ni halali kabisa mradi mkanda ukunjwe vile vile kila mara.

Alijaza pia dodoso la PRTEE, lenye maswali 15 kuhusu maumivu na kazi za mkono, na alama kutoka 0 hadi 100. Alipata 54. Likijazwa tena baadaye, upungufu wa alama 11 au zaidi ndio wa kuitwa nafuu. Chini ya hapo huenda ni siku nzuri tu.

Eksirei haikuagizwa, wala altrasaundi. Tatizo hili hutambuliwa kwa mikono na maswali, na altrasaundi huonyesha kano iliyochakaa hata kwa watu wasioumwa. Picha zinahitajika pale ambapo kiwiko kimevimba, hakinyooki, kinakwama, kiliangukiwa au kugongwa, au mgonjwa ana homa au maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mkao wowote. Na mtoto wa miaka 12 hadi 15 anayeumwa upande huu huu asitibiwe kwa kufuata kisa hiki. Kwake mfupa wenyewe bado unakua, na unaweza kuwa ndio ulioumia. Apigwe eksirei kwanza.

Bega nalo lilipimwa, na hapo palionekana jambo ambalo wengi hulipita. Alipokunja kiwiko nyuzi 90 na kusukuma mkono nje dhidi ya mkono wa mtaalamu, upande wa kulia ulilegea mapema kuliko wa kushoto. Bega lisipolisukuma pigo, kigasha hulazimika kulisukuma.

Kano yenyewe na pigo lililoiumiza

Kano inayouma ni ya msuli mfupi wa kunyanyua kifundo cha mkono. Inashikamana na ule mfupa wa nje wa kiwiko, ikiwa imefunikwa na misuli mingine. Kazi yake kubwa ni kukizuia kifundo kisikunjamane kila unapokamata kitu, ndiyo maana sufuria na salamu za mkono zinauma kama raketi. Watu huita hali hii uvimbe wa kano, lakini kano iliyouma kwa miezi, ikichunguzwa kwa hadubini, haionyeshi seli nyingi za uvimbe. Inaonyesha nyuzi zilizopoteza mpangilio, kama kamba ya katani iliyoanza kufumuka, na mishipa midogo ya damu na neva vilivyoota pasipo pake. Kwa hiyo dawa za kupunguza uvimbe hutuliza maumivu kwa muda bila kuijenga kano.

Mpira wa tenisi hukaa kwenye nyuzi za raketi takriban sehemu tano za elfu moja za sekunde, yaani sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Katika muda huo hakuna mwanadamu anayeweza kurekebisha kitu. Kifundo hupokea pigo katika mkao kilichomo. Mchezaji hodari wa bekihendi ya mkono mmoja hufika kwenye mpira kifundo kikiwa kimeinuka kidogo na kimekazwa. Mchezaji wa klabuni huchelewa, kiwiko kinatangulia mbele, kifundo kimekunjika chini, na raketi inaburutwa nyuma yake. Mpira unapogonga, misuli ya nyuma ya kigasha inakaza huku ikivutwa irefuke. Ukirudia hivyo mara 200 kwa jioni, siku tano kwa wiki, kano haiwezi kujirekebisha kati ya jioni moja na nyingine. Pigo likiangukia nje ya kitovu cha raketi, fremu hujipinda mkononi, na vidole huikamata kwa nguvu zaidi ili isizunguke.

Raketi mezani

Aliombwa aje na raketi yake, na kila mgonjwa wa aina hii aombwe hivyo. Fremu ilikuwa na alama 71 za ugumu, na ilikuwa nyepesi, gramu 260. Raketi ngumu na nyepesi hurusha mpira kwa urahisi, lakini haina uzito wa kumeza mtikisiko, na unaobaki unaishia mkononi. Alirudi kwenye raketi yake ya zamani ya alama 63 na gramu 285.

Nyuzi ndizo zilizohitaji mabadiliko makubwa. Poliesta ni uzi mgumu uliotengenezwa kwa wachezaji wanaopiga kwa kasi kubwa wanaotaka mpira uzunguke sana. Kwa mchezaji wa klabuni hauna faida, na ukizeeka unabaki mgumu bila kurudisha mpira vizuri, hivyo mtu anaongeza nguvu. Zilikatwa, zikafungwa laini zilizosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi, pauni 48. Pauni kumi ni pungufu kubwa, na wiki ya kwanza mipira hutoka nje ya mstari wa nyuma. Mgonjwa aambiwe mapema, la sivyo atarudi kwa fundi azikaze tena.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wa kawaida huruka mbali na kudunda juu kuliko Mombasa. Wachezaji wengi wanadhibiti kwa kukaza nyuzi, kumbe wanauhamishia mkono tatizo la mpira. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zinaruhusu mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kwenye kopo la mpira huo huandikwa kuwa ni wa maeneo ya juu. Klabu ikiununua, wachezaji wake wanaweza kulegeza nyuzi bila kupoteza mstari. Ni gharama ndogo ukilinganisha na viwiko vinavyouguzwa.

Mshikio ulipimwa pia: umbali kutoka ncha ya kidole cha pete hadi mkunjo wa katikati ya kiganja ulikuwa milimita 111, na raketi ilikuwa ya 108. Ulizungushiwa mkanda mmoja wa ziada, ukafika takriban milimita 110, ukaachwa hapo. Kwa maoni yetu mshikio unalaumiwa kuliko unavyostahili. Tofauti ya milimita tatu haimpeleki mtu kliniki. Kile kipande cha mpira kinachofungwa katikati ya nyuzi kinabadilisha sauti ya pigo tu. Hakiukingi mkono.

Kuhusu sindano

Mgonjwa alistahili jibu la wazi juu ya ushauri wa mwenzake, kwa sababu sindano ya kortizoni kweli hutuliza haraka. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 uliwagawa watu 198 katika makundi matatu: sindano, fiziotherapia ya vipindi nane, na kusubiri kwa ushauri tu. Baada ya wiki sita, waliofanikiwa walikuwa asilimia 78 kwa sindano, asilimia 65 kwa fiziotherapia, na asilimia 27 kwa waliosubiri. Lakini kati ya wale waliofanikiwa kwa sindano, asilimia 72 walirudi nyuma baadaye. Utafiti mwingine wa 2013, wa watu 165, uliona kuwa baada ya mwaka mmoja maumivu yalikuwa yamewarudia asilimia 54 ya waliochomwa kortizoni, dhidi ya asilimia 12 ya waliochomwa maji yasiyo na dawa.

Kuna upande wa pili wa matokeo hayo, nao usifichwe. Mwaka ulipokwisha, waliosubiri walikuwa wamewakaribia sana waliopata fiziotherapia. Maana yake kiwiko kingi hupona hata kikiachwa, ila kwa miezi mingi. Fiziotherapia inanunua miezi hiyo, na kwa mtu anayepika, anayeandika na anayetaka kucheza, miezi hiyo ni mali. Alipoelezwa hivyo, akaamua kuiacha sindano.

Wiki mbili za mwanzo

Hakuambiwa apumzike kabisa. Kano iliyoachwa bila kazi hudhoofika, na ndicho kilichomkuta baada ya zile wiki tatu: maumivu yaliondoka, uwezo nao ukaondoka, kisha akaipa seti mbili. Aliruhusiwa forihendi tu, yaani mapigo ya upande wa kulia, dakika 20, nusu uwanja, kwa mipira ya rangi ya chungwa ambayo ina mwendo wa nusu ya ule wa kawaida. Bekihendi na kuanzisha mpira vilisimama.

Zoezi la kwanza lilikuwa kushikilia bila kusogeza. Kigasha kinalala mezani, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kinatazama chini, kifundo kiko nje ya ukingo. Mkononi kuna chupa ya maji ya lita moja, ambayo ni kilo moja. Kifundo kinawekwa sawa na kigasha na kushikiliwa sekunde 40, kisha mapumziko ya dakika moja na nusu, mara tano, asubuhi na jioni. Maumivu yanaruhusiwa hadi 3 kati ya 10. Kipimo chenyewe hasa ni cha kesho yake: kiwiko kikiamka kibaya kuliko jana, uzito ulizidi, upunguzwe.

Kosa la kawaida katika zoezi hili ni kuinyonga chupa. Mgonjwa anaikamata kwa nguvu zote, na mzigo wa kano unakuwa mara mbili bila yeye kujua. Tiba yake ni ndogo: chupa itiwe kwenye mfuko wenye kamba, kamba ipite juu ya kiganja karibu na vifundo vya vidole, vidole vilegee.

Kliniki alifanyiwa pia tiba ya mikono. Mtaalamu anaushika mkono wa juu usisogee, anausukuma kigasha kuelekea nje kwa mkanda uliopita chini kidogo ya kiwiko, na akiwa ameshikilia hivyo mgonjwa anakamata dainamomita. Akipata mwelekeo sahihi, maumivu yanapungua papo hapo: mkono uliokuwa ukiishia kilo 12 ulifika kilo 19 mkanda ukiwa umevutwa. Marudio kati ya sita na kumi yanatosha. Maumivu yasipopungua, pembe ya mvuto ibadilishwe kidogo, nyuma au mbele. Ikishindikana mara tatu au nne, mbinu hii iachwe. Kusugua kano kwa kidole gumba hadi ngozi iwe na mavilio hakuna sababu ya kuendelezwa.

Mkanda wa kiwiko alipewa wa kuvaa kazini na jikoni. Wengi huufunga juu ya mfupa unaouma. Mahali pake ni upana wa vidole viwili au vitatu chini ya mfupa huo, juu ya nyama, ukazwe kiasi cha kuhisiwa unapokunja ngumi na kulegea ukifungua mkono. Vidole vikifa ganzi, uvuliwe. Usiku usivaliwe. Jikoni aliagizwa kuinua vitu kiganja kikitazama juu na kiwiko kikiwa karibu na mwili, na sufuria ibebwe kwa mikono miwili. Kipanya kililetwa karibu na kibodi, kigasha kikapata pa kulalia.

Kuongeza mzigo

Kuanzia wiki ya tatu, nguvu ya bila maumivu ikiwa kilo 17, alianza kuinua na kushusha. Mkao ni ule ule wa mezani, sekunde tatu kupanda, sekunde tatu kushuka, seti tatu za marudio 15, siku moja ndiyo na moja hapana. Zikikamilika mara mbili mfululizo maumivu yakiwa chini ya 3, nusu kilo inaongezwa. Uzito ulipofika kilo 2, pakiti ya kawaida ya unga ndani ya mfuko ilitosha, na marudio yakashuka hadi seti nne za 8. Kiwiko kilichokunjwa hulegeza kano, kilichonyooka huivuta. Kwa hiyo zoezi la kilo 2 likishakuwa jepesi, hurudiwa kiwiko kikiwa kimenyooka kwa kilo 1, na ngazi inapandwa upya. Wanaoruka hatua hii hupona mezani na kuumia uwanjani, maana bekihendi hupigwa mkono ukiwa karibu kunyooka.

Nyundo ya seremala ilitumika kwa kugeuza kigasha: anaishika mpini, kiwiko kimekunjwa, anageuza kichwa cha nyundo kulia na kushoto polepole mara 12. Akishika karibu na kichwa ni rahisi, akishuka mwisho wa mpini ni vigumu, hivyo chombo kimoja kina uzito mwingi. Taulo nene iliyoviringishwa ilikuwa ya kukamua: mkono mzima unasokota, mkono mgonjwa unazuia na kuachia polepole, mara 15.

Kwa bega alifunga mpira wa kuvuta kwenye kitasa cha mlango, taulo ndogo ikabanwa kati ya kiwiko na mbavu, akavuta mkono nje, seti tatu za 15. Akaongeza kuvuta mikono yote nyuma huku makombe ya mabega yakikaribiana. Asiye na mpira wa kuvuta akate tyubu ya baiskeli. Kazi ni ile ile.

Wiki ya tano

Nguvu ya bila maumivu ilifika kilo 21, na jikoni hakuumwa tena. Mwenzake wa klabuni akakosa mtu wa kucheza naye wawili kwa wawili, naye akaingia mechi ya saa mbili, mipira ya kawaida, bekihendi zote. Kesho yake dainamomita ilionyesha kilo 15.

Hatua hii huvunja moyo watu wengi, na ndipo wengine hukimbilia sindano. Kano haikuchanika, ilipewa kazi ambayo haikuwa imeandaliwa. Kwa siku tatu alirudi kwenye kushikilia bila kusogeza, kilo moja, mara tatu kwa siku. Siku ya nne akarudi kwenye kuinua na kushusha kwa uzito ulio nyuma ya ule aliouacha. Ndani ya siku tisa alikuwa kilo 20. Hakuna sababu ya kuanza mwanzo kabisa kwa kosa la jioni moja, wala ya kujifanya halikutokea.

Bekihendi na kurudi uwanjani

Kocha alihusishwa kabla mpira wa kwanza wa bekihendi haujapigwa. Walirekebisha mambo matatu tu. Mabega yageuke mapema, mara mpira unapovuka wavu, hadi bega la kulia limtazame mpinzani. Mpira ukutwe mbele ya mguu wa mbele, kifundo kikiwa kimeinuka kidogo. Na vidole vilegee kati ya pigo na pigo, raketi ibebwe na mkono wa kushoto shingoni mwake. Hili la mwisho halihitaji kipaji, na linaipa kano mapumziko mamia kwa mechi moja. Walizungumzia bekihendi ya mikono miwili, inayogawa mzigo vizuri, lakini baada ya miaka sita ya mkono mmoja alichagua kubaki nayo. Ni uamuzi unaokubalika iwapo kifundo kimerekebishwa.

Masharti ya kuanza yalikuwa haya: nguvu ya bila maumivu isipungue asilimia 90 ya mkono wa kushoto, yaani kilo 24 na kidogo, marudio 15 ya kilo 2 kiwiko kikiwa kimenyooka, maumivu yasizidi 2, na bekihendi 50 za hewani bila mpira, bila kuumwa kesho yake. Aliyatimiza wiki ya nane.

Alianza kwa mipira ya chungwa, bekihendi 20 zilizolishwa kwa mkono na kocha, kisha 40, kila mara na siku nzima ya kupumzika katikati. Wiki ya tisa ilikuwa ya mipira ya kijani, bekihendi 60, na kuanzisha mpira mara 15 kwa nusu nguvu. Wiki ya kumi mipira ya kawaida, dakika 45. Bekihendi ya wavuni na kupokea mpira wa kuanzishia viliachwa hadi wiki ya kumi na moja kwa makusudi: hapo mpira unakuja kwa kasi, mchezaji anachelewa, na kifundo kinarudi kwenye tabia yake ya zamani. Wiki ya kumi na mbili alicheza seti moja, dakika 50. PRTEE ilikuwa 9, mkono wa kulia kilo 28. Alikuwa amekuja kliniki mara nane. Kazi iliyobaki aliifanya mezani kwake.

Kwa anayecheza badmintoni au skwoshi, sehemu kubwa ya kisa hiki inafaa, ila raketi za huko ni nyepesi sana na mapigo ni ya kugeuza kigasha na kifundo kwa haraka, hivyo zoezi la nyundo litangulie la kuinua. Badmintoni huumiza zaidi kifundo cha mguu, goti, kano ya kisigino na bega. Na mpira wa skwoshi una kipenyo cha milimita 40 hivi, unaingia sawasawa kwenye tundu la jicho; miwani ya kinga ivaliwe hata mazoezini.

Baada ya wiki ya kumi na mbili

Mazoezi ya kifundo na bega yanaendelea mara mbili kwa wiki, uzito wa kilo 3, seti tatu za 8, kwa angalau miezi sita. Muda wa kucheza unaongezwa dakika 30 tu kwa wiki hadi afike saa 4, na mashindano yajayo yaandaliwe kuanzia wiki nane kabla. Kabla ya kila mchezo ni dakika kumi: kukimbia taratibu, kuzungusha mabega, mpira wa kuvuta mara 15, kisha tenisi ndogo ndani ya maboksi ya mbele, karibu na wavu, kabla ya kurudi nyuma ya uwanja. Nyuzi zibadilishwe kwa mwaka mara nyingi kama anavyocheza kwa wiki.

Kiwiko kikianza kunong'ona tena, bekihendi zisimame siku tatu, zoezi la kushikilia lirudi mara tatu kwa siku, mkanda uvaliwe kazini, na nguvu ipimwe siku ya nne. Ikiwa imerudi, aendelee alipoishia. Ikiwa imeshuka chini ya kilo 20 kwa wiki mbili, au vidole vimeanza ganzi, au kidole cha kati hakinyooki, aje achunguzwe upya kuanzia shingoni. Upasuaji hautajwi kabla ya miezi sita hadi kumi na miwili ya mazoezi yaliyofanywa kweli, kwa mzigo uliopanda kweli.